Maji ya Rejeta Hayapotei Bure

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wetu wa jamii katika mkutano wa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Manyatta, Kisumu. Tumeyachapa ili yasomwe na kujadiliwa vikundini.)



Niliombwa niseme juu ya kutunza mali ya kikundi. Najua mlitegemea nianze na daftari la mweka hazina. Leo nitaanza na rejeta ya gari. Mimi si fundi. Nilisomea kazi ya jamii. Haya nitakayosema nimeyajifunza kwa mafundi, tena baada ya hasara.

Kuna kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea, watu 22. Walichanga miaka 4 wakanunua pikapu kuukuu. Alfajiri ilibeba samaki na omena kutoka ufuo wa Dunga hadi soko la Kibuye, mchana ikaleta mboga kutoka upande wa Kiboswa. Mwanzoni dereva aliongeza maji kidogo mara moja kwa juma. Baadaye ikawa kila asubuhi. Mwishowe akawa na mtungi wa lita 5 nyuma ya kiti. Watu walizoea, wakawa wanatania, "Hiyo gari yenu inakunywa maji kuliko ng'ombe!" Hata mimi nilipanda pikapu hiyo, mtungi ukiwa miguuni pangu, nikacheka pamoja nao. Sikuuliza swali moja dogo: maji haya yanakwenda wapi?

Siku moja, ikiwa na mzigo, ilianza kupanda mlima wa Riat. Mshale wa joto ukapanda nao. Dereva akasema, "Tufike tu hapo juu." Hawakufika. Mvuke ulitoka kama sufuria ya githeri, nao kwa haraka wakatia maji baridi injini ikiwa moto. Fundi alipofungua alikuta silinda hedi imepinda na gasketi yake imeungua. Akiba ya miezi 8 ikaishia hapo. Na chanzo chake? Hosipaipu ya chini ya rejeta iliyopasuka pale inapobanwa na klipu. Bei yake haifiki bei ya kuku mmoja.

Hasara kubwa lakini haikuwa ya pesa. Katika mkutano dereva alisema alimwarifu mwenyekiti. Mwenyekiti akasema hakuambiwa. Mweka hazina akasema hajaona risiti yoyote. Mama mmoja aliyetegemea mgao wake alipe karo alilia mbele yetu. Dereva aliondoka kikundini, na mpaka leo hajarudi. Nami nasema, hakuwa mzembe kuliko sisi wengine. Sote tuliuona ule mtungi.

MAJI HUENDA WAPI?

Rejeta nzima, yenye kifuniko kizima, haihitaji maji kila siku. Ukiona yanapungua, jua yana njia tatu tu: yanavuja nje, yanaingia ndani ya injini, au yanachemka na kufukuzwa kupitia kifuniko. Kazi yetu ni kujua ni njia gani, kabla ya kununua kitu chochote.

Kwanza, onyo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yamebanwa kwa nguvu. Ukifungua yanaruka usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hosipaipu ya juu bila kuungua na uione imelegea. Kisha funika kwa kitambaa kinene, uzungushe polepole.

Tuanze na yasiyo na gharama.

1. Pima. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza maji kwa mkebe uleule, tuseme wa Kimbo wa nusu kilo. Andika tarehe, kilomita na mikebe mingapi. Baada ya juma moja utajua kama maji yanapungua kidogo au mengi, na kama yanapungua gari likisafiri au hata likilala.

2. Tandaza kartoni. Usiku tandaza kartoni kavu chini ya injini. Asubuhi doa litakuonyesha. Doa likiwa mbele kabisa, shuku rejeta au hosipaipu. Likiwa nyuma ya feni, shuku wota pampu; pampu nyingi zina tundu dogo chini, na maji yakitoka hapo ujue sili ya ndani imekwisha. Kama gari lina hita na zulia la mbele limelowa, mvujo uko kwenye hita.

3. Tazama na kushika. Mvujo mdogo hukauka juu ya injini yenye joto, kwa hiyo usitafute maji peke yake. Tafuta alama iliyobaki: ukoko mweupe, wa kijani au wa kutu. Bonyeza kila hosipaipu ikiwa baridi. Ikiwa laini kama embe lililoiva mno, au inaonyesha nyufa ukiikunja, badilisha. Legeza klipu uangalie chini yake. Huko ndiko kasoro ya ile pikapu ilikojificha.

4. Kagua kifuniko. Hapa wengi tunadharau. Sisi wa Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96, si 100. Kifuniko cha rejeta kikibana vizuri, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wake ukikauka, yatachemka mapema na kumwagika, nawe utalaumu rejeta isiyo na kosa. Kifuniko kina namba, kwa mfano 0.9 au 13. Ukinunua kingine, nunua chenye namba ileile. Tazama pia kampira kanakokwenda kwenye chupa ya akiba. Kakiwa na ufa, maji yakitoka hayarudi.

5. Mwombe fundi apime kwa pampu. Mafundi wengine wana pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi, anajaza upepo hadi ile namba ya kifuniko na kungoja. Mshale ukishuka, kuna mvujo. Mara nyingi maji yatajitokeza yenyewe mahali ambapo hamkutegemea. Mshale ukishuka na nje kukiwa kukavu kabisa, shuku ndani.

DALILI ZA NDANI

Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto. Oili kwenye dipstiki kuwa kama chai ya maziwa. Hosipaipu kuwa ngumu mara tu baada ya kuwasha injini iliyokuwa baridi. Au mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta, ukiwa umeiwasha ikiwa baridi na kifuniko kimetolewa. Ukiona utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee, usiogope kwanza; safari fupi za msimu wa mvua huweza kuuleta. Hakikisha kwenye dipstiki.

Oili ikiwa kama chai, usiendeshe gari hata kilomita moja. Vutwa hadi kwa fundi. Magari mengi ya zamani, kama Peugeot 504, yana silinda hedi ya alumini, nayo hupinda upesi ikizidiwa na joto. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa ya kutupa. Lazima hedi ipimwe kwanza, na kusawazishwa ikihitajika.

KUTENGENEZA, NA MAKOSA YETU

Hosipaipu, klipu na kifuniko ni vitu vya kubadilisha. Rejeta ya zamani ya shaba huchomelewa kwa risasi na mafundi wa jua kali, ikadumu. Zile mpya za alumini na plastiki hazikubali kazi hiyo.

Kuna wanaotia yai bichi, bizari au unga ndani ya rejeta. Ndiyo, pengine mvujo utasimama leo. Lakini vitu hivyo huziba vijia vyembamba vya maji, na kesho gari litachemka bila kuvuja tone. Wengine hutoa thamostati na kuitupa. Hilo haliondoi mvujo. Injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, itakula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Ikiharibika, weka nyingine.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani. Afadhali maji safi ya mvua yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Huku kwetu hakuna barafu, lakini dawa hiyo huzuia kutu na kufanya maji yachelewe kuchemka. Lakini jamani, ni sumu, na ladha yake ni tamu. Msiiweke kamwe kwenye chupa ya soda, wala msiimwage mahali wanapochezea watoto.

Baada ya kujaza upya, washa injini kifuniko kikiwa wazi, fungua hita kama ipo, na bonyeza hosipaipu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka na rejeta inaonekana imejaa. Na mshale ukipanda njiani, simama. Usiseme "tufike tu." Ngoja ipoe kabisa ndipo uongeze maji.

NENO LA MWISHO

Waswahili wanasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kile kikundi, baada ya yote, kiliweka sheria moja ndogo: dereva akiongeza maji mara mbili katika juma moja, gari linasimama likaguliwe, na mweka hazina anatoa pesa ya vitu vidogo bila kungoja mkutano. Dereva anaandika, mwenyekiti anatia sahihi. Hakuna tena "nilimwambia" na "sikuambiwa." Gari linatembea. Kilichobaki ni kwenda kwa yule dereva wa kwanza kumwomba msamaha, na mimi nitakuwa mmoja wa watakaokwenda.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni kitu gani tunachokijaza kila siku bila kuuliza kinakwenda wapi?

2. Mwanachama akiona kasoro, anamwambia nani, na inaandikwa wapi?

3. Mweka hazina anaruhusiwa kutoa kiasi gani kwa matengenezo madogo bila mkutano?

4. Je, kuna mtu tuliyemtwika peke yake kosa lililokuwa letu sote?