Ni Nani Ashikaye Mlango wa Nchi?

Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa wasikilizaji wa Embulbul, karibu na Ngong, kaunti ya Kajiado.

Watu wa Embulbul, wakaao kati ya Karen na vilima vya Ngong, hawahitaji kufundishwa kwamba shauri la nani aingie katika nchi ni shauri zito. Mwaka 1904 Wamasai walifanya mapatano na Serikali, wakaondoka katika malisho ya Bonde la Ufa ili Wazungu walowezi wapate nafasi. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine, na waliokuwa Laikipia wakahamishwa kuja kusini. Wageni waliingia, wenyeji wakasogezwa. Walakini hotuba hii yahusu jambo la baadaye kidogo, yaani jinsi sheria ya kuingia nchini inavyovutwa huku na huku na vyama vya watu wenye haja zao, hata kabla haijaandikwa.

Mfano ulio wazi ni ugomvi wa mwaka 1923. Kwa hesabu ya watu ya 1921, Wazungu wa Kenya hawakufika 10,000, na Wahindi walizidi 22,000. Chama kikuu cha walowezi kiliitwa Convention of Associations, na kiongozi wao maarufu alikuwa Lord Delamere. Walitaka Wahindi wazuiwe kuingia kwa wingi, wasipate mashamba katika nyanda za juu, wala wasipige kura katika orodha moja na Wazungu. Wahindi nao walikuwa na Kongresi yao, iliyoanzishwa 1914, na nyuma yao ilisimama Serikali ya India, ambayo London haikuweza kuidharau.

Septemba 1922 London ilitoa mapendekezo yaliyowapendelea Wahindi kidogo. Walowezi wakakasirika sana, hata wakafanya shauri la siri la kumteka Gavana na kushika reli na simu. Ni ajabu kwamba watu waliojiita watiifu kwa Mfalme kuliko wote walifikiri kumkamata mwakilishi wake! Basi mwaka 1923 pande zote zikaenda London kuzungumza.

Hapo yafaa kutazama maneno yaliyotumiwa. Walowezi hawakusema kwamba waliogopa kushindana na Wahindi. Walisema kwamba Mhindi aliye fundi, karani au mwenye duka humfungia Mwafrika njia ya kupata kazi. Hoja hiyo haikuwa uongo mtupu, kwa maana kazi nyingi za namna hiyo zilikuwa mikononi mwa Wahindi. Lakini ni nani aliyewatuma walowezi kuisema? Waafrika walikuwa wamekwisha sema. Julai 1921 Harry Thuku na wenzake walipeleka simu London kueleza kwamba Wahindi hawawadhuru Waafrika, na kwamba, baada ya wamisionari, hao ndio rafiki zao. Ni kweli kwamba Wahindi walimsaidia Thuku katika kazi yake, na simu hiyo huenda ilikuwa na mkono wao. Hata hivyo ilitoka katika mkutano wa Waafrika. Machi 1922 Thuku akakamatwa, akapelekwa Kismayu. Mwaka uliofuata aliyekwenda London kuwasemea Waafrika alikuwa mmisionari, Dr. J. W. Arthur wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu, safari fupi kutoka Embulbul.

Julai 1923 ukatoka waraka wa Duke wa Devonshire, Waziri wa Makoloni. Ulisema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba faida yao itangulie ikipingana na faida ya wageni. Maneno hayo yalikuwa mazuri, tena baadaye Waafrika waliyatumia sana. Lakini nyanda za juu zilibaki kwa Wazungu, nao wakapata viti 11 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Wahindi viti 5. Waafrika waliwekewa mmisionari mmoja wa kuwasemea, naye akawa Dr. Arthur huyo huyo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika Baraza hilo mpaka 1944.

Juu ya kuingia nchini, waraka ulikataa kuwafungia watu mlango kwa ajili ya taifa lao, ila ulimtaka Gavana atafute njia ya kulinda kazi za Waafrika. Walowezi waliupata ufa huo. Sheria ya kuzuia wageni ikatungwa. Serikali ya India ikapeleka kamati London. Na Agosti 1924 waziri mpya, J. H. Thomas, akatangaza kwamba sheria hiyo haitapitishwa.

Miaka ikapita, na ugomvi wa mlango ukahamia Uingereza. Mwaka 1967 Kenya huru ilipitisha sheria ya kuwataka wasio raia wawe na kibali cha kufanya kazi, na Wahindi wengi wenye pasi za Kiingereza wakaanza kuondoka. Huko Uingereza Duncan Sandys na Enoch Powell wakapiga kelele wazuiwe. Sandys ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru 1963. Iain Macleod, aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, alishika neno kwamba watu hao waliahidiwa, akapinga. Hakusikiwa. Sheria ilipita Bunge kwa muda wa siku chache tu, ikaanza Machi 1968, na wakuu wa jamaa 1,500 tu ndio walioruhusiwa kwa mwaka. Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua Desemba 1973 kwamba waliofungiwa mlango kwa ajili ya rangi yao walitendewa kwa kudhalilishwa. Wakati huo sheria ilikuwa imetumika zaidi ya miaka mitano.