Kipato cha Mzazi na Ufadhili wa Masomo ya Chuo Kikuu: Hali ya Kendu Bay

Kipato cha wazazi ndicho kinachoamua, kuliko jambo jingine lolote, ni kiasi gani cha fedha za serikali atakachopata mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi serikali ilipeleka ruzuku moja kwa moja chuoni, na kila mwanafunzi wa serikali akatozwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa mvuvi. Tofauti ya uwezo ilijitokeza hasa kwenye mkopo, uliosimamiwa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Mpango mpya uliozinduliwa Mei 2023 ulibadilisha utaratibu huo: ruzuku ikamfuata mwanafunzi, na mwanafunzi akapimwa kwa mfuko wa nyumbani kwao.

Tangu mwaka 2024 kipimo hicho kina bendi tano. Bendi ya kwanza ni ya familia ambazo kipato chao hakizidi Sh5,995 kwa mwezi. Ya pili inafika Sh23,670, ya tatu Sh70,000, ya nne Sh120,000, na ya tano ni ya waliozidi hapo. Gharama ya kozi hugawanywa mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia. Kwa mgawanyo wa mwaka 2024, bendi ya kwanza ilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikibaki na asilimia 5. Kwenye bendi ya tano ufadhili ulikuwa asilimia 30, mkopo 30, na familia ililipa 40. Mkopo wa kujikimu nao ulishuka kwa ngazi, kutoka Sh60,000 kwa mwaka hadi Sh40,000.

Asilimia hizi zinaeleweka zaidi zikigeuzwa shilingi. Chukua kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, kwa mgawanyo huo wa 2024. Familia ya bendi ya kwanza italipa Sh10,000, na ya bendi ya tano Sh80,000. Lakini tatizo kubwa haliko kwenye ncha hizo mbili, liko mipakani. Nyumba yenye Sh70,000 kwa mwezi imo bendi ya tatu na huchangia asilimia 20, yaani Sh40,000. Nyumba ya jirani yenye Sh70,500 imo bendi ya nne, huchangia asilimia 30, yaani Sh60,000, na mkopo wa kujikimu wa mtoto hupungua kwa Sh5,000. Nyongeza ya Sh500 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni Sh6,000, imeiletea familia mzigo wa ziada wa Sh20,000. Kozi ikiwa ya udaktari, inayokaribia Sh600,000 kwa mwaka, pengo hilo hufika Sh60,000. Mfumo wa ngazi hauwezi kukwepa jambo hili. Lingekwepeka tu kama mchango ungepanda kidogo kidogo pamoja na kipato.

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba kipato cha mwezi kinajulikana. Kwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Gendia, pale Kendu Bay, au muuguzi wa hospitali ya Waadventista ya Kendu, kinajulikana barabara: mshahara umo kwenye rekodi za mwajiri na za mamlaka ya mapato, KRA, na mwombaji hutakiwa kutoa nambari za vitambulisho vya wazazi wake. Kwa mama anayeuza omena ufuoni, mambo ni mengine. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu samaki hawaifuati taa vizuri, hivyo biashara hulala kwa siku kadhaa. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kabisa katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ili samaki wazaane. Kwa hiyo mwezi wa Septemba mama huyo aweza kushika pesa zinazomtia bendi ya tatu, na mwezi wa Juni asifikie hata ukomo wa bendi ya kwanza. Mvua ikinyesha omena wakiwa bado wametandazwa juani, mtaji wa wiki nzima huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ukimwuliza kipato chake cha mwezi, atajibu kwa kukisia, na mtoto wake atajaza fomu kwa kukisia kile alichokisia mama.

Ndiyo maana kipimo hakitegemei kauli ya mzazi peke yake. Hutazama pia ukubwa wa familia na muundo wake, hali ya wazazi, jinsia, ulemavu, iwapo mwanafunzi anatoka eneo lililotengwa, na aina ya kozi. Dalili hizo husaidia, ila zina mitego yake. Wapo watoto wa Karachuonyo, eneo lenye Kendu Bay, waliosomeshwa shule za gharama kwa harambee, kwa basari ya eneobunge au kwa hisani ya mjomba aliyeko Nairobi. Mfumo ukitazama shule hiyo, huenda ukaiona kama ishara ya mali ya baba. Vilevile nyumba yenye mitala, au ya nyanya anayelea wajukuu yatima, haiingii kirahisi kwenye visanduku vya baba, mama na ndugu. Baba aliyeajiriwa mjini na aliyeacha kuleta matumizi zamani bado huweza kuhesabiwa kana kwamba mshahara wake unafika nyumbani.

Nchi nyingine zimeyashughulikia matatizo haya kwa njia mbalimbali. Nchini Uingereza, ambako kipato cha kaya kikiwa chini ya pauni 25,000 kwa mwaka mwanafunzi hupata mkopo kamili wa kujikimu, familia ambayo kipato chake kimeshuka kwa asilimia 15 au zaidi huweza kuomba ipimwe kwa hali ya mwaka huu badala ya rekodi za kodi za nyuma. Utaratibu wa namna hiyo ungewafaa watu wa ziwani kuliko wengi. Nchini Tanzania, bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESLB, hutoa kipaumbele kwa watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa maendeleo ya jamii, TASAF, na majina ya kaya hizo huwa yamepita mbele ya mkutano wa kijiji. Majirani hawajui takwimu za mwezi, lakini wanajua nyumba ipi hulala na njaa. Kenya imempa chifu kazi inayokaribiana na hiyo kupitia barua yake ya kueleza hali ya familia, ingawa barua ya mtu mmoja haina uzito wa baraza zima.

Upo pia utata usiozungumzwa sana. Mkopo hulipwa na mhitimu mwenyewe, kwa riba ya asilimia 4, kutokana na mshahara wake wa baadaye. Mkopaji si mzazi. Kupima kipato cha mzazi kuna mantiki katika ufadhili usiorudishwa. Katika mkopo, mantiki hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi watadaiwa kwa masharti yaleyale. Kumpunguzia mtoto wa mwalimu mkopo wa kujikimu ni kumrudisha kwa baba ambaye tayari ana watoto wengine wawili sekondari.

Malalamiko kuhusu mpango huu yalifika kortini. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mpango huo unakiuka Katiba na ni wa kibaguzi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na bendi zikaendelea kutumika. Mwanafunzi asiyeridhika anaruhusiwa kuomba apangwe upya, na hapo karatasi ndizo husema: cheti cha kifo cha mzazi, stakabadhi za karo za ndugu zake, barua ya kuachishwa kazi, hati za matibabu ya muda mrefu. Kwa muuza omena, kitu kinachokaribia hati ya mshahara ni taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, inayoonyesha miezi ya neema na ile ya ukame bega kwa bega. Ya mwezi mmoja itampotosha yeyote anayeisoma.