Kipato cha Nyumbani kwa Blogu na Tovuti: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuanza

Mada iliyowasilishwa na Idara ya Maendeleo ya Jamii kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu



Zamani mwananchi aliyetafuta mtaji alitaja kuku, cherehani au bodaboda. Leo wapo wanaotaja tovuti. Mama anayelea mtoto mchanga, kijana aliyehitimu masomo na hajapata ajira, na mtu ambaye ulemavu wake hufanya safari ya kila siku kuwa mzigo, wote husikia kwamba mtu aweza kuketi nyumbani, akaandika, naye akalipwa. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ni kweli yenye masharti, na asiyeyajua masharti hayo huingia akiwa na akiba yake na kutoka mikono mitupu. Kusudi la mada hii ni kuyaweka masharti hayo wazi.

Kazi yenye historia nchini

Kuandika mtandaoni kwa Kiswahili si jambo lililoanza jana. Ndesanjo Macha, miongoni mwa waasisi wa blogu za Kiswahili, aliandika blogu aliyoiita Jikomboe wakati ambapo Watanzania wengi walikuwa bado hawajalisikia neno blogu. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake, nayo ikawa dirisha ambalo Watanzania walioko ughaibuni walichungulia nyumbani. Waasisi hao hawakusomwa kwa sababu ya mitambo waliyotumia, maana mitambo hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Walisomwa kwa sababu walitoa kitu ambacho msomaji hakukipata kwingine. Sharti hilo la kwanza halijabadilika hadi leo.

Fedha hutoka wapi

Wengi hudhani tovuti hulipa kwa kuwapo tu. Tovuti ni mfano wa kibanda kando ya barabara: kinachomlipa mwenyewe ni biashara inayofanyika ndani yake. Njia za kipato zilizo wazi ni nne.

Ya kwanza ni matangazo yanayopangwa na kampuni kubwa za nje. Mpango unaojulikana zaidi ni AdSense wa kampuni ya Google, ulioanza mwaka 2003. Mwenye tovuti huruhusu matangazo yaonekane kwenye kurasa zake na kupata sehemu ya malipo ya watangazaji. Fedha hazitumwi mpaka zifikie kiwango cha chini, ambacho kwa anayelipwa kwa dola ni dola 100. Zikifika, hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi.

Ya pili ni matangazo ya wafanyabiashara wa karibu: mwenye duka la pembejeo, nyumba ya wageni, fundi wa pampu za maji. Hawa hulipa moja kwa moja, kwa shilingi na kwa simu.

Ya tatu ni kuwatengenezea wengine tovuti na kuzitunza. Shule binafsi, chama cha akiba na mikopo na ukumbi wa harusi huhitaji kuonekana mtandaoni, lakini hawana mtu wa kubadilisha bei, picha na namba za simu kila zinapobadilika.

Ya nne ni kuuza kilicho chako. Mfinyanzi, mshonaji na mfugaji hutumia tovuti kama meza ya sokoni isiyofungwa jioni.

Hesabu isiyopendeza lakini ya lazima

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba matangazo ya kampuni ya nje yanaleta dola 1 kwa kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa. Tovuti yenye wasomaji 500 kwa siku, kila mmoja akifungua kurasa 2, itapata dola 1 kwa siku. Itachukua siku 100 kufikia dola 100 za kwanza, na katika siku hizo mwenye tovuti atakuwa amekwisha kulipia bando, umeme, na pengine makato ya benki. Tena wasomaji 500 kwa siku hawapatikani mwezi wa kwanza. Wengi huandika miezi kadhaa wakisomwa na ndugu na marafiki tu.

Sasa ichukuliwe mfano wa upande wa pili. Mtu huyohuyo anatunza tovuti za wafanyabiashara 10, kila mmoja akimlipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 200,000, nayo haihitaji maelfu ya wasomaji. Inahitaji watu 10 wanaomwamini.

Humo ndimo lilimo fundisho kuu la mada hii. Kwa mwananchi wa wilayani, kipato cha kudumu hujengwa kwanza na watu wanaomfahamu, na wasomaji wa mbali hufuata baadaye. Matangazo ya kigeni ni nyongeza ya mboga. Ugali hutoka karibu.

Andika unachokijua na wengine wanakihitaji

Kosa la kawaida ni kunakili habari za wachezaji na wasanii kutoka kurasa nyingine. Habari hizo zimejaa kila mahali, na mwenye kunakili huweza kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Aidha, kampuni za matangazo huzikataa tovuti zisizo na kazi ya mwenyewe.

Mfano mwema ni wa mfugaji wa kuku wa kienyeji. Yeye anajua kwamba kideri humaliza banda zima kwa siku chache, kwamba chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku, na kwamba hurudiwa kila baada ya miezi 3. Akiandika hayo kwa Kiswahili safi, akaweka picha zake mwenyewe, akaeleza dawa hupatikana duka gani na kwa bei gani, ameandika kitu ambacho mfugaji mwingine atakitafuta mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Habari ya udaku huoza kwa siku moja. Maelezo ya namna ya kufanya kazi huzaa kwa miaka. Tena muuza chanjo na muuza vifaranga wataona faida ya kutangaza hapo kuliko mahali pengine popote.

Mahitaji ya kuanzia si makubwa. Huduma za Blogger na WordPress hutoa nafasi bila malipo, na simu janja inatosha kwa miezi ya mwanzo. Kazi ikishika, ndipo mtu alipie jina lake mwenyewe, kama vile lenye mwisho wa .co.tz, ambalo humtambulisha kuwa yupo Tanzania. Jina hilo hulipiwa kila mwaka. Asiyelipia hulipoteza, na wasomaji wake hupotea pamoja nalo. Ni vema pia lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenyewe, si ya fundi aliyemtengenezea, ili siku wakitofautiana mali ibaki kwa mwenyewe.

Anwani: huduma ndogo yenye uzito mkubwa

Wananchi wengi hawajui kwamba kipato cha mtandaoni kinaweza kukwama kwa sababu ya barua. Salio la mwenye tovuti katika mpango wa AdSense linapofikia dola 10, kampuni humtumia kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yake. Kwa kawaida barua huchukua wiki 2 hadi 4. Namba isipoingizwa ndani ya miezi 4 tangu ilipotolewa mara ya kwanza, matangazo husimamishwa. Mtu aliyeandika anwani ya kubuni, au sanduku la posta la shule aliyoiacha zamani, huiona fedha yake kwenye kioo cha simu asiweze kuigusa.

Kwa hiyo zoezi la Anwani za Makazi na Postikodi si la vibao vya barabarani pekee. Kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5, na kila nyumba iliyosajiliwa ina namba na jina la barabara. Mwananchi asiyejua anwani yake afike kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Ambaye barua zake hufika kwa sanduku la posta, ahakikishe sanduku hilo limelipiwa na mwenye nalo anajua kwamba barua itakuja. Jina kwenye akaunti ya mtandaoni lifanane, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki.

Sheria na vibali

Mwaka 2018 Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotangazwa, ada ya leseni iliwekwa kuwa shilingi 1,000,000, mbali na shilingi 100,000 za maombi. Wanablogu wengi wadogo waliacha. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, lakini mitaani bado hurudiwa maneno ya mwaka 2018. Wapo wanaoogopa bure, na wapo wanaojiona salama bila kuwa salama. Njia iliyonyooka ni kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, au kufika katika ofisi yake ya kanda, na kueleza kwa maneno wazi tovuti itachapisha nini. Anayetaka kutoa habari na matukio aulize kabla ya kuchapisha neno la kwanza, maana fungu hilo ndilo linaloangaliwa kwa karibu zaidi.

Namba ya utambulisho wa mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo yanayofanywa kwa watayarishaji wa maudhui ya mtandaoni. Mwenye tovuti atunze stakabadhi za makato hayo. Anayefanya biashara ya kutengeneza tovuti atahitaji leseni ya biashara, ambayo huombwa kwa mfumo wa TAUSI, na Ofisi ya Biashara ya Halmashauri humwongoza asiyeufahamu mfumo huo. Anayekusanya majina na namba za simu za wateja akumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu.

Kuhusu mtaji, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kufanya kazi za tovuti kinaweza kuomba kama vikundi vingine. Kinachotakiwa ni mchanganuo wa biashara unaoonesha wateja, si matumaini. Kikundi chenye barua za wafanyabiashara 5 waliokubali kuhudumiwa kina hoja nzito kuliko kilichoandika kwamba kitasomwa na dunia nzima.

Tahadhari kwa kaya

Penye asali hapakosi nyuki. Wapo wanaodai ada ya usajili ili mtu aanze kulipwa kwa kubofya matangazo au kutazama video, na humtaka alete wenzake. Huo ni upatu uliovishwa joho la teknolojia, na upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: mwajiri hulipa, hatozi. Mpango wa matangazo ulio halali hauna ada ya kujiunga, na humfungia akaunti mwenye tovuti anayebofya matangazo yake mwenyewe au kuwatuma wenzake wabofye. Nenosiri la akaunti na namba ya siri ya simu havipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa afisa.

Lipo pia la ndani ya nyumba. Kazi ya nyumbani huonekana kama si kazi. Mama anayeandika hukatizwa kwa kuwa yupo, na kijana aliye mbele ya simu huambiwa anacheza. Familia ikae, ipange saa mbili au tatu za kazi zisizoguswa kila siku, na ijue bando la mwezi ni kiasi gani na litatoka wapi. Bila makubaliano hayo, tovuti nyingi hufa kabla ya mwezi wa tatu, na wala si kwa kukosa wasomaji.

Mwaka wa kwanza

Mwenye nia anashauriwa asiache kilimo, ufugaji wala genge lake. Katika miezi 3 ya kwanza aandike makala mbili kila wiki juu ya jambo moja analolijua, bila kudai fedha. Miezi 3 inayofuata awafuate wafanyabiashara wa karibu, awaoneshe kazi yake, na amtengenezee mmoja tovuti kwa bei nafuu ili awe shahidi wake. Nusu ya pili ya mwaka ajiunge na mpango wa matangazo, akiwa tayari ana anwani, kitambulisho na akaunti ya benki. Mwishoni mwa mwaka aweke mapato upande mmoja na gharama upande wa pili. Hesabu ikikataa, amepoteza muda na bando, lakini hajapoteza shamba. Hesabu ikikubali, amepata kazi ambayo mvua ikichelewa haiikaushi.

Ndugu wananchi, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai. Matundu yameelezwa: kunakili kazi za wengine, anwani isiyo ya kweli, jina la tovuti lililo mikononi mwa mtu mwingine, vibali visivyoulizwa na ahadi za matapeli. Milango ya Idara ya Maendeleo ya Jamii, Ofisi ya Biashara na ofisi za watendaji iko wazi siku zote za kazi, na kuuliza hakuna ada.