Farasi Katika Sanaa ya Wachina wa Kale

Wasikilizaji wetu, leo twataka kumtazama mnyama mmoja tu, naye ni farasi, jinsi Wachina wa kale walivyomchonga na kumchora. Labda mtu atauliza, picha ya farasi ina maana gani zaidi ya farasi mwenyewe? Kwa Wachina ilikuwa nayo.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa Wachina walikuwa wakulima. Farasi walio bora walikuwa kwa wachungaji wa nyika za kaskazini, nao ndio waliokuwa adui zao. Basi Mfalme Wudi, wa ukoo wa Han, aliposikia ya kuwa katika bonde la Ferghana, mbali sana upande wa magharibi, wako farasi ambao jasho lao ni jekundu kama damu, aliwatamani mno, akawaita farasi wa mbinguni. Alitaka kuwanunua, akakataliwa. Ndipo alipotuma jeshi katika mwaka 104 kabla ya Kristo. Jeshi la kwanza lilirudi limedhoofu kwa njaa. La pili, lenye watu 60,000, liliuzingira mji, likapewa farasi bora makumi machache tu, na wengine wa kadiri wapatao 3,000. Katika watu wale, waliorejea mpakani walikuwa 10,000 na kitu.

Ukiisha kujua habari hiyo, hutastaajabia sanamu iliyofukuliwa mwaka 1969 katika kaburi la kale huko Wuwei, jimbo la Gansu. Ni farasi wa shaba, kimo chake hakipati sentimita 35. Anakimbia, miguu mitatu i hewani, na wa nne umemkanyaga ndege arukaye. Ndege amegeuza kichwa, kana kwamba auliza ni nani huyu anipitaye. Fundi hakumpa farasi mabawa, na wala hakuyahitaji.

Basi farasi alikuwa nguvu ya mfalme. Lakini alikuwa na maana nyingine, nayo kwetu sisi ndiyo ituvutayo zaidi. Wachina walimtaja Bo Le, mtu wa zamani aliyeweza kumtambua farasi mwema hata akiwa amefungwa mkokoteni. Kwa hiyo waliposema farasi mwema, mara nyingi walimkusudia mtu mwenye akili na uaminifu. Na Bo Le ni mkubwa awezaye kumtambua.

Mwaka 1279 ufalme wa Song ulikwisha kuangushwa na Wamongolia. Gong Kai, aliyekuwa mtumishi wa ufalme ule, hakutaka kuwatumikia mabwana wapya, akaishi katika umaskini. Akachora farasi mmoja peke yake, kichwa kimeinama, mbavu zimetokeza. Zahesabika 15. Iliaminiwa ya kuwa farasi wa kawaida ana mbavu 10 tu, bali awezaye kwenda mwendo mrefu kupita wote anazo 15. Tazameni busara ya mchoraji: farasi huyo angalinona, nani angaliweza kuzihesabu? Njaa ndiyo iliyomshuhudia.

Baada yake alikuwako Ren Renfa. Huyu alikubali kuwatumikia Wamongolia, akawa mkubwa wa kazi za mito na mifereji, hata akazijua barza za serikali kwa ndani. Alichora farasi wawili katika picha moja, iliyoko Beijing hata leo. Mmoja amenona, ngozi yake inang'aa, anakwenda kwa maringo. Wa pili ni mifupa mitupu, anajikokota. Kisha mchoraji akaandika maana yake mwenyewe, asije mtu akadhani ni habari za mifugo: yule mnene ni mtumishi wa serikali ajinonaye kwa mali ya raia, na yule aliyekonda ni mtumishi mwaminifu, ambaye mwili wake umekwisha ili watu washibe.

Ren Renfa aliyaandika hayo naye yu mtumishi wa serikali ile ile.