Kocha Aulizwe Mpira, Ofisi Iulizwe Pesa



Mechi ikimalizika pale uwanja wa Bukhungu, hapa Kakamega, kuna dakika kama kumi ambazo mashabiki wengi hawazioni, kwa sababu wao tayari wako langoni wakitafuta bodaboda. Mkufunzi anatoka kwenye benchi, na kabla hajafika kwenye vyumba vya kubadilishia nguo anakuta duara la wanahabari likimngoja. Simu saba, nane hivi, zimenyooshwa hadi karibu na kidevu chake. Isukuti bado zinalia upande wa walioshinda. Swali la kwanza: "Kocha, mmepoteza tena, shida iko wapi?" Jibu: "Vijana wamejitahidi, bahati haikuwa yetu, tutarekebisha makosa." Swali la pili: "Mashabiki wanasema kazi imekushinda, unasemaje?" Hapo ndipo uso hubadilika. Kuna anayeondoka bila neno. Kuna anayemgeukia mwandishi na kumwuliza kama amewahi kucheza hata mpira wa matambara. Kesho yake habari ni moja: kocha amekalia kuti kavu. Wiki inayofuata mwandishi yule anafukuzwa mazoezini.

Nimesimama kwenye duara hilo mara nyingi, na leo nataka kusema waziwazi kwamba hawa wawili wanagombana bure. Kocha humkasirikia mwandishi kwa sababu hathubutu kumkasirikia anayemlipa, au anayepaswa kumlipa. Mwandishi naye humkaba kocha kwa sababu ndiye pekee aliyebaki uwanjani. Mwenyekiti amekwisha kuingia kwenye gari, mweka hazina hakuja kabisa. Basi maswali yote ya klabu, ya pesa, ya usajili, ya basi lililoharibika njiani, yanamwangukia mtu mmoja aliyevaa suti ya michezo, ambaye hana majibu yake, na hata akiwa nayo haruhusiwi kuyatoa.

Tuanze na timu ambayo mji huu umeipenda tangu ilipoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya FC, leo AFC Leopards, au Ingwe kama tunavyoiita. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa kwenye udhamini wa soka yetu baada ya mvutano wake na serikali kuhusu kodi na leseni. Ingwe ilibaki mikono mitupu, sawa na klabu ya Gor Mahia. Kocha wa Ingwe wakati huo alikuwa Mnyarwanda, Casa Mbungo. Ilipofika Desemba mwaka ule ule alifunga virago kwa sababu ya mshahara usiolipwa. Magazeti yaliandika habari za njaa hiyo, hilo lazima tuwapongeze wenzetu. Lakini mnajua jinsi kurasa zetu za michezo zinavyopangwa: habari ya mishahara inakaa huku, ripoti ya mechi inakaa kule, kana kwamba ni timu mbili tofauti. Mchezaji aliyelala bila chakula cha maana Jumamosi anapewa alama nne kwa kumi Jumapili, na kocha wake anaulizwa kwa nini timu ilichoka kipindi cha pili.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa timu ya taifa, Harambee Stars. Agosti 2014 Kenya ilitolewa na Lesotho katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Lesotho! Nchi nzima ilipandwa na hasira, na sisi wa redio na magazeti tukawa mbele ya maandamano. Kocha Adel Amrouche aende, ndio uliokuwa wimbo, na kweli akafutwa. Swali lililohitajika siku zile lilikuwa fupi sana, nalo halikuwa la kumwuliza Amrouche: mkataba wake unasema nini akiachishwa kazi kabla ya muda? Lingepelekwa kwa Shirikisho la Soka, FKF, kabla barua haijaandikwa. Kesi ikaenda hadi FIFA, na shirikisho likaamriwa kumlipa kocha huyo zaidi ya shilingi milioni 100 kwa kuvunja mkataba. Fikiria pesa hizo zingefanya nini kwenye ligi za mashinani hapa Magharibi, ambako refa wa mechi ya vijana husubiri nauli yake hadi giza linaingia.

Huyo huyo Amrouche ametufundisha kwa nini makocha huogopa kipaza sauti. Januari 2024 alikuwa na Taifa Stars ya Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast. Katika mahojiano alidai kwamba Morocco ina usemi mkubwa mno katika uendeshaji wa soka ya Afrika. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likamfungia mechi nane na kumtoza faini ya dola 10,000, shirikisho la Tanzania likamsimamisha, na timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman katikati ya mashindano. Sitaki kuamua hapa kama alisema kweli au la. Ninachosema ni kwamba unga wa kocha humwagika kwa sentensi moja, na kila mkufunzi wa ligi yetu analijua hilo. Ndiyo maana anajificha nyuma ya "vijana wamejitahidi". Tukimcheka kwa jibu hilo tunakuwa hatumtendei haki.

Wapo wanaosema kocha wetu aige ubabe wa Ulaya. Alex Ferguson alikataa kuzungumza na BBC kwa miaka saba, tangu 2004 hadi 2011, kwa sababu ya kipindi kilichomhusu mwanawe. Ferguson alikuwa na mataji, alikuwa na mkataba, na Manchester United yote ilisimama nyuma yake. Kocha wa Kakamega akinyamaza wiki mbili tu, anayeachwa bila sauti ni yeye mwenyewe, na siku akifukuzwa bila malipo hatapata hata mtu wa kumwandikia mistari mitatu.

Na wakati mwingine wanahabari wetu wameuliza sawasawa kabisa. Desemba 3, 2017, Bukhungu ilijaa pomoni. Kenya ilikuwa inafungua Kombe la CECAFA dhidi ya Rwanda, ikashinda 2-0. Kocha alikuwa Mbelgiji Paul Put, mgeni kazini. Tangu alipotangazwa, wanahabari waliuliza kuhusu adhabu aliyowahi kupewa kwao Ubelgiji kwa kashfa ya kupanga matokeo. Wapo mashabiki waliokasirika: timu inashinda, kwa nini mnachimbua ya kale? Mimi nilikuwa upande wa waliochimbua na bado niko huko. Swali lile liliwahusu waliomwajiri kabla ya kumhusu yeye. Kenya ilitwaa kombe lile kwa penalti dhidi ya Zanzibar, na ilipofika Februari 2018 Put alikuwa ameshaondoka.

Kuna pia kocha aliyeelewa kwamba mwandishi anaweza kuwa ngao yake. Mjerumani Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Kenya fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987 kule Nairobi, tukafungwa na Misri 1-0, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mwaka 2008 akiwa kocha wa Benin kwenye Kombe la Afrika nchini Ghana, alijitokeza hadharani akaeleza jinsi alivyofuatwa na mtu aliyetaka mechi iuzwe. Alifariki mwaka ule ule. Wazee wa soka wa mji huu wakimtaja, huanza na mdomo wake ndipo waje kwenye mbinu zake.

Na yupo kocha Jacob "Ghost" Mulee, anayezijua pande zote mbili. Ndiye aliyekuwa kwenye benchi Tunisia mwaka 2004, Kenya ilipoichapa Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Afrika. Na ndiye sauti ambayo Wakenya wengi wameamka nayo kwenye Radio Jambo. Mtu aliyeuliza na kuulizwa anajua kwamba swali lililoandaliwa humtuliza kocha hata baada ya kipigo.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Siku moja, baada ya sare iliyowaudhi wenyeji, mwanafunzi wa uanahabari kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro alijipenyeza kwenye duara. Wakubwa walikuwa wameshauliza yale yale na kocha ameshaanza kugeuka. Binti akasema: "Kocha, beki wako wa kushoto kipindi cha kwanza alikuwa anapanda, kipindi cha pili akabaki nyuma. Ulimzuia, au winga wao ndiye aliyemzuia?" Kocha alirudi. Akaomba daftari la yule binti na kalamu, akachora uwanja, akaweka misalaba na mishale, akaeleza jinsi winga aliyeingia dakika ya 50 alivyomlazimisha kuvunja mpango wake wote. Alizungumza muda mrefu kuliko mahojiano yote niliyowahi kumsikia akitoa. Yule binti alikuwa ametazama mechi, basi.

Lakini nisiwalaumu waandishi bila kueleza wanavyoishi. Mwandishi wa mashinani hulipwa kwa habari iliyochapishwa au kusomwa. Isipotumika, nauli ya kwenda Bungoma na kurudi imetoka mfukoni mwake. Mhariri wa Nairobi anataka sentensi moja yenye moto, na moto wa haraka hupatikana kwa kumchokoza kocha. Na klabu ikimpa mwandishi nafasi kwenye basi lake, au ikamshikisha bahasha ya "chai", ataanzaje kuuliza kama kiungo mkabaji amelipwa? Kwa hivyo anauliza kuhusu refa. Enyi wahariri, mlipeni mwandishi nauli yake, mpate haki ya kumdai maswali magumu.

Klabu nazo zifungue ofisi. Kakamega Homeboyz si timu ndogo tena. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ligi kuu kwa pointi sawa na Tusker, ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Mwaka uliofuata ikaifunga Tusker hiyo hiyo katika fainali ya Kombe la FKF. Timu ya kiwango hicho, na kila klabu ya ligi kuu, inaweza kuwakalisha mwenyekiti na mweka hazina mbele ya wanahabari mara moja kwa mwezi, bila kocha kuwepo, wajibu mambo ya mishahara, bima ya majeruhi na usajili. Kocha abaki na mpira wake. Aulizwe kwa nini alimtoa mshambuliaji akiwa bado nyuma kwa bao moja, na asikasirike, maana hiyo ndiyo kazi aliyoiomba.

Kocha Engin Firat alijiuzulu Harambee Stars Desemba 2024 akilalamika kwamba mkataba wake umevunjwa, miaka kumi baada ya Amrouche. Mwezi huo huo Hussein Mohammed alichaguliwa rais wa FKF, na Machi 2025 akaajiriwa kocha mpya, Benni McCarthy. Kombe la Afrika la 2027 tunaliandaa sisi pamoja na Tanzania na Uganda, na kila mwanahabari wa michezo nchini ana uhuru wa kupiga simu pale shirikishoni asubuhi ya leo. Kocha wa taifa analipwa na nani, kila tarehe ngapi, na akiachishwa ghafla, fidia yake itatoka kwenye fungu gani?