Kuichuma Siku si Kuponda Mali
(Mazungumzo na kamati za parokia, Chiola)



Tumeombwa kueleza msemo wa Kilatini, Carpe diem. Wengi huufasiri kwa methali yetu, "Ponda mali, kufa kwaja". Sisi tunaona tafsiri hiyo inapotosha.

Msemo huu umetoka kwa Horace, mshairi wa Roma, katika shairi la 11 la kitabu cha kwanza cha Odes, kilichotolewa mwaka 23 kabla ya Kristo. Humo anamwasa mwanamke aitwaye Leuconoe aache kuwauliza wanajimu miaka aliyobakiwa nayo, awe na busara, achuje divai yake na kufupisha matumaini marefu.

Neno carpe lina harufu ya shamba: maana yake ni "chuma", kama mtu achumavyo tunda. Na tunda halichumwi likiwa bichi, wala haliachwi likaoza.

Hapa Chiola tunalielewa hili kwa korosho. Zikianguka, sharti ziokotwe na kuanikwa mapema. Zikinyeshewa zikiwa chini, daraja hushuka. Huko ndiko kuichuma siku. Lakini anayeuza kwa kangomba, mkorosho ungali na maua, anaichuma kesho ikiwa mbichi. Na anayemaliza malipo yote ya msimu kwa sherehe, ndiye atakayerudi kwa kangomba njaa ikibisha hodi.

Tusidanganywe pia na kesho kubwa mno. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, Nachingwea ikiwemo. Reli ikajengwa, ilhali udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na baadaye reli ikang'olewa.

Nasi tunakiri kosa letu. Tumezoea kufundisha habari za akiba mwezi Machi, wakati mifuko imekwisha kukauka. Inafaa tufike Oktoba, minada inapoanza. Tunaziomba kamati zihimize kila kaya, siku ile ile ya malipo, itenge kwanza chakula, salfa na mahitaji ya shule. Kinachobaki, kiasi kiingie katika mfuko wa kukopeshana, ili mwenye mgonjwa asilazimike kuuza maua. Kingine watu wale na kufurahi bila hofu, maana furaha nayo ina siku yake.