Chama cha Mainjinia na Habari ya Boila



Twaulizwa mara nyingi: chama cha watu wa kazi moja chafaa nini zaidi ya kudai mishahara? Tutajibu kwa habari ya boila.

Tarehe 20 Machi 1905, mjini Brockton, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, boila ya kiwanda cha viatu ilipasuka ikatoboa paa. Jengo likaanguka, likashika moto, wakafa watu 58. Ufa ulikuwa umejificha pale mabamba mawili ya chuma yalipolaliana na kufungwa kwa ribiti, mkaguzi asiweze kuuona. Jimbo likatunga sheria mwaka 1907, Ohio nayo ikatunga yake 1911. Waundaji wakawa na shaka, kwa maana boila iliyokubaliwa huku yaweza kukataliwa kule.

Ndipo Chama cha Mainjinia wa Mitambo cha Marekani, kilichoanzishwa 1880, kilipoteua kamati mwaka 1911. Waundaji walinung'unika (nani apendaye kupimiwa chuma chake?), lakini waliitwa wakasikilizwa, pamoja na wenye kutumia boila na watu wa bima. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye nguvu ya chama. Kanuni ya 1914 ilikuwa na kurasa 114: ubora wa chuma, unene wake, vali za kutoa mvuke uliozidi.

Chama hakina polisi wala hakimu. Majimbo yenyewe yaliifanya kanuni kuwa sheria, moja baada ya jingine, na aliyeifuata akaweza kuuza boila zake mbali. Wanakamati hata leo hujitolea, wakiisahihisha kadiri ufundi wa chuma unavyobadilika.